Mkanda Niliomvisha Bosi

Nilimfunga mbwa ngozi mbichi shingoni, nikamwacha juani, nikaenda shule. Naanza na hilo makusudi, ili mtu asije akacheka nami mpaka katikati halafu aseme nilimficha.

Sasa, enzi zetu. Najua, niko kidato cha nne, ndevu zenyewe bado nazisubiri, hizo enzi nimezitoa wapi. Lakini mliozaliwa miaka yangu mnanielewa. Wadogo zetu siku hizi wanacheza mpira kwa kidole gumba, wamekaa, wamejifunika blanketi. Sisi pale Mlandege, Iringa, tulipiga chandimu mpaka kucha za miguu zikang'oka, mwezi wa saba, upepo unakata masikio, kamasi zimekauka usoni kama gundi. Hindi moja la kuchoma tulilila kwa zamu: mmoja anauma, wengine wote wanamkodolea mdomo.

Mama yangu alikuwa anashona mikanda ya mbwa. Si ya urembo. Ilikuwa ya kufundishia: ngozi ya ng'ombe iliyokwisha kutengenezwa, tabaka mbili, bizimu la chuma, pete nene ya kufungia kamba, na juu yake kishikio cha kumkamatia mbwa akitaka kumrukia mtu. Alitoboa kwa msharasi, akapitisha uzi uliopakwa nta, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kingo alizisugua kwa kigae cha chupa na kipande cha mshumaa, zisimchune mbwa. Nyumba nzima ilinuka ngozi, nta na maharage. Na mimi nilienda shule nikinuka hivyo hivyo, wakaniita Kiatu.

Cha ajabu, mama hakuwahi kumgusa mbwa. Sisi Waislamu, babu yake alipanda huku na biashara kutoka pwani, na mate ya mbwa kwake lilikuwa jambo zito: yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo wateja walimletea shingo za mbwa wao kwa kamba. Unampima mbwa huko kwako, unapiga fundo, unaleta. Kamba zilining'inia kwenye misumari ukutani, na mama aliwajua mbwa wa mtaa kwa hizo. "Huyu wa kamba nyekundu kanenepa," anasema, na wala hajawahi kumwona. Kila kamba aliiongezea vidole viwili. Nikimuuliza vya nini, ananijibu, "Vya mbwa hivyo. Apumulie."

Mteja wake mkubwa alikuwa jirani yetu, Baba Tumaini, Mlutheri mmoja mpole aliyefundisha mbwa wa ulinzi. Kila asubuhi alisalimia juu ya ua, "Kamwene, Mama Rashidi." Mama anaitika, "Kamwene, na huyo mbwa wako abaki huko huko." Kihehe cha mama kiliishia hapo.

Huyo mbwa ndiye Bosi. Rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limelala. Mazoezini alikuwa mkali, lakini kwangu alikuwa mjinga kama mimi. Alinifuata mpaka madrasa, akajilaza nje ya mlango. Siku moja ustadhi akamrushia kandambili amfukuze. Bosi akaiokota kwa mdomo, akamrudishia miguuni. Ustadhi aliondoka siku ile mguu mmoja peku.

Halafu tukasikia Bosi amepata kazi. Anakwenda Mafinga, kulinda mbao za tajiri mmoja, ataondoka Jumamosi. Mama alikuwa anammalizia mkanda wake wa kuondokea. Nikamwomba nishone hata tundu moja. Akakataa: "Huyu anakwenda kazini, si wa kujifunzia." Nikanuna. Nikajiapia kwamba Bosi hatoki Mlandege bila kitu cha mkono wangu.

Kwenye ndoo kulikuwa na ngozi mbichi kutoka machinjioni, imelowekwa. Hiyo mama hakuishonea mikanda. Aliizungushia mipini ya nyundo na majembe ingali maji maji, na ikikauka inabana mpini hata mwanaume mzima hautikisi. Nilikwisha kuona hayo kwa macho yangu. Nilichoelewa mimi ni kwamba hiyo ngozi ni imara. Tena ilikuwa laini kama chapati, mkono wa mtoto unaitoboa.

Asubuhi ile Baba Tumaini alikuwa amepanda basi la Mafinga kwenda kupanga mambo ya huyo tajiri. Binti yake, Tumaini, ametangulia shule. Nikakata ukanda wa ile ngozi mbichi, nikachukua sindano na uzi, nikaruka ua. Bosi alikuwa amefungwa uani, akasimama, akanilamba mikono muda wote namvalisha. Nilikaza, maana alikuwa na tabia ya kuchomoa kichwa kwenye mikanda. Nikashona ncha kwa mishono minene, nikapiga fundo, nikarudi nyuma kumtazama. Nikaona amependeza.

Jua la mwezi wa saba Iringa halina joto, ila linakausha. Na upepo ulivuma kutwa. Mimi darasani nachora mikanda pembeni mwa daftari la hesabu. Tulipotoka nikapitiliza hadi madrasa, na huko ndiko Tumaini alikonikuta. Hakuwa amewahi kufika pale. Alisimama mlangoni na sare yake ya shule, anahema.

"Rashidi, toka. Bosi kavimba uso."

Nilimkuta amelala ubavu, kichwa kimekuwa cha mnyama mwingine. Ulimi mweusi. Ngozi ilikuwa imegeuka ngumu, ya kahawia, inang'aa kama pembe ya ng'ombe, na pa kupenyeza hata ukucha hapakuwepo. Fundo langu limekuwa jiwe. Aliponisikia akatikisa mkia.

Nikamwita mama kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena. Akaja na kisu chake cha ngozi, ushungi umemwanguka mabegani. Hakusita hata kidogo. Akapiga magoti, akakipakata kile kichwa, akalazimisha kidole chini ya mkanda, mate ya Bosi yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Shika miguu. Usimtazame usoni."

Kisu kikateleza, kikamkata kidole chake mwenyewe. Akarudia. Ngozi ikapasuka kwa mlio wa mti mkavu. Bosi akavuta pumzi moja, akavuta nyingine. Tukangoja inayofuata, mama, mimi na Tumaini. Tukangoja mpaka kivuli cha ua kikatufikia.

Mama aliosha mikono bombani, mimi nammwagia maji, pamoja na ule udongo. Hakunitazama.

Sasa tunakaa Ilomba, Mbeya. Mama anashona mikoba na makubazi, maana mikanda ya mbwa siku hizi ni nailoni, inakuja kwenye mifuko, unabonyeza plastiki, imelingana na shingo yoyote. Hakuna anayepiga fundo kwenye kamba. Wadogo zangu hawaijui ngozi mbichi, na wasiijue. Wananicheka nikipita karibu na mbwa wa mtu nikainama kutazama shingo. Eti kaka daktari wa mbwa. Nacheka nao. Lakini kuna siku nasikia harufu ya nta kwenye mikono ya mama, nauona ule ukuta wa Mlandege na misumari yake, na natamani mtu aniite Kiatu.

Jioni ile, kabla basi la Mafinga halijafika, mama alijifuta mikono kwa kanga, akanishika bega, akanigeuza tutazamane. Akasema hivi:

"Baba Tumaini akishuka, utamwambia wewe. Usimwambie ngozi ilikauka. Ngozi kazi yake kukauka. Mwambie, nilimfunga mimi."