Presha ya Sista

Foleni ya hospitali sijawahi kuifurahia, ila ya Jumanne hapa Nakuru ningeipanga tena.

Muuguzi alikuwa akimpima presha mama mmoja wa Mau Narok, nami nikifuata kwenye benchi. Muuguzi akajaribu mara tatu kuufunga mkanda wa mashine, ukawa unamponyoka.

"Sista, umekunywa chai leo?" mama akamuuliza.

"Nitakunywa nikimaliza hii laini, mathe."

"Hii laini haiishi. Hebu jipime kwanza."

Benchi nzima ikamuunga mkono mama. Muuguzi akacheka, akajifunga mkanda, nasi tukanyoosha shingo kama watu wanaongoja penalti. Namba zilipotokea, kicheko kikamkauka. Kisha, kwa mazoea tu, akaziandika kwenye kadi ya mama.

Daktari akatokea, akaichukua kadi na kuisoma.

"Mathe, presha hii itakuangusha. Nenda nyumbani sasa hivi ulale. Siku tatu usishike kazi yoyote."

"Si yangu, daktari." Mama akamwonyesha muuguzi kwa kidevu. "Ni ya huyu."

Daktari akatutazama foleni nzima. "Sasa huyu akienda, hawa watapimwa na nani?"

"Lakini mimi ulikuwa ushaniambia niende."

Tulipiga makofi mpaka wodi ya pili wakachungulia. Muuguzi akaruhusiwa kwenda nyumbani, sisi tukangoja saa mbili zaidi bila kunung'unika. Hawa watu wa hospitali dawa yao wanaijua, shida ni kwamba huiandikia wengine tu.

Mama alipouchukua ule mkanda na kumgeukia daktari naye apimwe, daktari alitia mikono yote miwili mifukoni.