Motere Iliyokula Unga

Kwetu Uvira mimi nilikuwa mke wa pili. Mke mkubwa alikuwa motere ya kamyo, injini ya lori la mume wangu. Usicheke! Mume wangu akiamka alikwenda kumsalimia yeye kwanza, na bila salamu yule bibi hawaki ng'o. Umpompee mazutu, dizeli yake, kwa mkono, umwashie kitambaa pale anapovutia hewa apate joto, halafu umgonge nyundo kidogo ubavuni, si kwa nguvu, maana ananuna. Mashofere wengine walijaribu wakashindwa, na mume wangu akavimba kichwa.

"Ananijua minye tu," alikuwa akisema, na meno yote nje.

Ilikuwa miaka ya vita. Vita gani? Ah, tulikuwa nazo za kuchagua, usinichoshe. Kila iliposemwa askari wanakuja, wenye magari walifungua pompi ya mazutu wakaificha nyumbani, kwa kuwa gari bila pompi ni kibanda chenye magurudumu. Wengine waliificha kwenye kiota cha kuku anayeatamia. Mume wangu alimpa mama yake, na mama mkwe wangu, mwanamke wa Luberizi asiyefanya jambo nusunusu, aliizika katikati ya gunia la unga wa muhogo.

Askari hawakuja. Asubuhi mume wangu akaifutafuta pompi kwa shati, akaifunga, tukaondoka kuchukua mpunga. Hatujafika hata Luberizi, motere ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikapiga kelele moja mbaya, kimya. Tulivutwa na ng'ombe kurudi hadi penye watu, na toka hapo na kamyo ya wengine, huku watu wa barabarani wakituonea huruma ya kucheka.

Fundi alipofungua, alichokonoa kwa kidole, akanusa, akanigeukia.

"Mama, humu iko bugali."

Mungu wangu! Unga ulikuwa umeziba huku, ukafungulia mazutu kule, pistoni ikatoboka kama sahani ya zamani. Mama mkwe alijifunika kitenge usoni. Mtaa mzima ukatuita watu wa kamyo inayokula, na wengine walituuliza kama tuliipa na mboga ya sombe.

Basi, fundi akatupa njia mbili. Ya kwanza, kuijenga upya motere ileile kwa vyuma vya kutafuta Bujumbura. Ya pili, kuitoa kabisa na kuweka nyingine: kulikuwa na kamyo iliyopinduka njia ya Bukavu, kichwa kimebondeka lakini motere nzima, unageuza ufunguo inawaka, hata kwa bibi kizee.

Mume wangu hakutaka hata kusikia. "Motere iko roho ya gari. Utoe roho yake, uweke ya marehemu?"

Mimi nilitaka ya marehemu, tena upesi. Na sababu nitakuambia wewe, yeye sikumwambia. Nyuma ya nyumba yetu alikaa mwanamke ambaye mume wake alikuwa na kamyo yenye kiburi kama yetu. Askari walipokuja kuichukua, walihangaika nayo wakashindwa, yule mume akaja akaiwasha kwa kofi moja. Wakamwambia apande. Walimbeba kama wanavyobeba tairi ya akiba, wakaelekea milimani njia ya Lemera, na mpaka siku ile mke wake alikuwa bado anamwekea chakula. Na wangu alikuwa akijigamba kila siku kwamba motere inamjua yeye tu. Kamyo wangeichukua siku moja, hilo nililijua. Niliogopa kumpoteza yeye. Nilimpenda yule mjinga, nakuambia wazi.

Ningemwambia ningeambulia nini? Mwanaume ukimwonya kwamba ujuzi wake utamponza, yeye anasikia neno ujuzi tu. Nikabishana kwa mengine, kwamba motere ya zamani inakunywa mazutu, inanuka, inavujia nguo zangu za biashara. Akanijibu kwamba nina wivu. Kweli, nilikuwa nao kidogo.

Mwishowe nilimwendea mama mkwe jikoni, nikamwambia yote. Alikuwa anasonga bugali. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka nje hadi pale mwanawe alipoinama na fundi juu ya motere.

"Mutoto wangu, weka ile ingine. Ukirudisha hii, minye nitaitilia unga tena. Na safari hii nitatia na chumvi."

Fundi alicheka hadi akakaa chini. Mume wangu alimtazama mama yake, akaona hatanii. Ile ya marehemu ikafungwa, na mke mkubwa akahamishiwa ukutani karibu na jiko, ambako kuku walimpokea vizuri.

Askari walikuja asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai. Wa upande gani? Hata wao walikuwa wakiulizana.

"Shofere iko nani?"

Na yeye, jamani, akanyoosha mkono! Nikausukuma chini kwa kikombe changu, chai ikatumwagikia wote wawili.

"Afande, shofere wa nini? Geuza tu ufunguo."

Mmoja akapanda, akageuza. Ikawaka palepale, bila haya. Wakaondoka nayo, na mume wangu akabaki amesimama uani, shati limelowa chai. Akaenda kukaa juu ya motere yake ya zamani.

"Ungeniachia ile yangu," akasema, "wasingeiwasha."

Hapo yule mwanamke wa nyuma ya nyumba akaingia uani. Alisikia kamyo, akaja mbio bila viatu. Alimtazama mume wangu, miguu mpaka kichwa, akamshika mkono wa shati, akaubana kama anayepima kitambaa sokoni.

"Weye wamekuacha," akasema. Akarudi kwake.

Mume wangu akainuka kwenye motere yake. Halafu akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake mlangoni.

"Mulijua."

"Kula kwanza," mama mkwe akamwambia.

Akanawa mikono. Akakata tonge la kwanza la bugali, akalitazama, kisha akalila.