Panga Tulilonunua Jioni

Jumanne iliyofuata Pasaka nilimpoteza mke wangu, Espérance. Panga letu la kupogolea michikichi lilibaki nyuma ya mlango wa jiko, na kwa miezi nilipita mbele yake bila kuligusa. Wiki iliyopita tuliganduka, ndivyo tunavyoita siku ya kuvua msiba, ambapo majembe na mapanga yanarudi kazini. Nikalitungua. Nilipolishika, mwanangu, nilidhani nitalia. Nilicheka, kwa sababu niliikumbuka siku lilipoingia mkononi mwangu.

Ilikuwa siku ya soko, pale Gatete. Mimi ni mtoto wa Kabezi. Kwetu tulijua nyavu na makasia, na nilishuka huku kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Michikichi niliijua kwa mawese tu, yakiwa tayari kwenye sahani. Lakini nilikuwa nimempenda binti wa huku, na baba yake, Muzee Karoli, alikuwa na sharti lake. Kabla ya kupokea pombe ya posa ya mchumba yeyote, alitaka mchumba huyo aje kumpogolea mstari mmoja wa michikichi, asubuhi hadi jioni, kwa panga lake mwenyewe. Asiyemaliza alirudi kwao na pombe yake.

Basi nilikwenda sokoni mapema, kifua mbele, nikachukua panga refu kuliko yote. Mpini wake ulipakwa rangi nyekundu, na bapa liling'aa hadi ukaona meno yako. Nililipunga mara mbili hewani, nikaliona jepesi.

"Chef, hilo limekupendeza!" muuzaji akasema.

Nilimwamini, nikalipa. Nani hapendi kuitwa chef, mkubwa wa watu?

Mstari ulikuwa na michikichi kumi na minne. Mitano ya kwanza niliipogoa huku naimba. Kwenye wa sita panga likaanza kunivuta mbele, maana uzito wote ulikuwa kwenye ncha. Kwenye wa nane rangi ya mpini ilibanduka, ikabaki kiganjani pamoja na ngozi yangu. Muzee Karoli alikaa kando akichambua ngazi, matunda ya mchikichi. Walionitania ni dada zake Espérance, waliokuwa wakikusanya makuti.

"Shemeji, unakata, ama unapungia watu wa Congo mukono?"

Jua liliposhuka juu ya milima ya Congo, ng'ambo ya ziwa, michikichi mitatu ilikuwa bado. Muzee akainuka, akajipangusa magoti.

"Bon. Iko nini, kijana? Muti ni mugumu?"

Sitakuficha, mwanangu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mti ni mgumu, muuzaji amenidanganya, jana sikulala vizuri. Halafu nikamwona Espérance amesimama na kikombe cha maji, ananitazama usoni. Nikasema, "Hapana, Muzee. Muti hauna kosa. Ni mimi nilichagua panga kwa macho."

Alinionyesha kile kikombe. "Kunywa maji. Twende soko."

"Saa hii, Muzee? Mukono hauinuki."

"Ndiyo maana."

Tuliwakuta wauzaji wanafungasha. Muzee akamsimamisha yule yule wa asubuhi, akaniambia, "Asubuhi kila panga iko nyepesi. Sasa shika, mukono yenyewe itakuambia."

La kwanza lilinidondoka. La pili na la tatu niliyarudisha chini kabla sijayainua vizuri. La nne lilikuwa fupi, jeusi, mpini wa mti mtupu usio na rangi. Vidole vyangu vilivyovimba vikaufunga, na kidole gumba kikalala juu yavyo bila kujivuta. Muzee alilichukua, akanionyesha jinsi chuma kilivyopita ndani ya mpini hadi mwisho, na misumari yake ilivyokaza. Akabonyeza ncha ardhini hadi bapa likapinda, akaliachia. Likanyooka kama mwanzo.

"Asubuhi ulinunua picha," alisema. "Hii ndiyo panga."

Kesho yake nilirudi nikamaliza ile mitatu kabla uji haujapoa. Nilijua nimeshindwa sharti. Nilikuja kumaliza nilichoanza, niage, niende. Nilipomwendea Muzee kumuaga, hakuinua kichwa. "Waambie wazee wenu walete pombe. Na iwe nyingi, hawa dada zake wana kiu."

Tulikuwa tumeshapata watoto wawili nilipomuuliza Espérance kwa nini baba yake alinikubali. Akacheka. "Mimi ndiye nilimuomba. Baba alikuwa anaangalia mukono yako, mimi niliangalia mudomo. Nilitaka kujua ukichoka utamutukana nani."

"Na kama ningetukana muti?"

"Ile maji ningekunywa mwenyewe."

Sikusoma sana, mwanangu, nina hili tu la kukupa. Ukitaka panga la shamba, usiende sokoni ukiwa umelala vizuri na umeshiba. Fanya kazi kwanza. Nenda na mkono uliochoka, ushike, uupe mkono nafasi ya kukataa. Tazama chuma kimefika wapi ndani ya mpini, pindisha bapa, na rangi uiache iwapendeze wengine. Ukitaka mtu wa kuishi naye, mngoje pia hadi achoke, umsikilize. Na wewe ukichoka, chunga maneno yako, kwa sababu kuna mtu amesimama na maji anakusikiliza. Mungu akupe nguvu za asubuhi na ulimi mwema wa jioni. Michikichi yako izae, na usikose wa kukuletea maji.

Juzi jioni, baada ya kushinda sote shambani, nilimpeleka mjukuu wangu Divine akachague panga lake. Alishika manne, akayaweka chini. La tano alilifunga vidole, akabonyeza ncha yake ardhini, akalitia begani bila kuniuliza.

"Mama, acha hilo," muuzaji akamwambia. "Chukua hili jekundu, limekupendeza."

"Murakoze, papa," Divine akamshukuru. "Ungenikuta asubuhi, ningelichukua."

Nilicheka njia nzima hadi nyumbani.