Hamu ya Udongo

Jentrix wa Matisi hakuwa mlevi wala mvivu, mtu asimsingizie. Alishona sare za shule katika soko la Kitale kutwa nzima mpaka mgongo ukamlilia. Shida yake ilikuwa odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito hutafuna. Alianza na mimba ya kwanza, na nani angemkataza? Kila mama mwenye tumbo pale sokoni alikuwa na kipande shavuni. Lakini wenzake walijifungua wakaacha. Yeye akaendelea: kipande kimoja asubuhi, kisha viwili, kisha mfuko mzima kabla ya chai ya saa nne. Akimeza, moyo unatulia. Dakika tano tu, unaanza kudai tena. Hamu hiyo haina adabu, bana!

Mwaka wa 2005 akashika mimba ya pili. Muuguzi wa kliniki akatazama viganja vyake vilivyopauka, akampima damu, akatikisa kichwa.

"Mama, damu yako imeisha. Hayo mawe ndiyo yanakumaliza. Ukienda leba hivi, tutakupoteza wewe ama mtoto. Ama nyote."

Jentrix alilia kwa hofu, akaapa kuacha. Siku hiyo hiyo mumewe, Derrick, akamkuta anatafuna. Hakugomba. Alimpeleka kwao Jentrix, kijijini Kabuchai, kwa mama yake mzazi Rispah, mbali na soko.

Njiani Jentrix alimsihi asimwambie mama habari za mawe. Aliona aibu. Kwa hiyo Rispah alijua tu kwamba binti yake hana damu, akampikia maini na mboga za kienyeji kama mgeni wa harusi. Siku nne mambo yakawa sawa. Ya tano mvua ikanyesha, na ile nyumba ya udongo ikatoa harufu yake. Masikini! Kucha ilikwenda yenyewe ukutani, nyuma ya kitanda. Akakwangua kidogo, akalamba. Kesho yake akatumia kijiko.

Wiki ya tatu, Rispah akifagia, akaona shimo la kuingia ngumi.

"Hawa panya wananichezea," akasema. Akarudi na beseni la udongo mbichi, na pakiti mkononi. "Nachanganya na dawa. Wakikula hii ukuta tena, si watakufa tu."

Jentrix alisimama mlangoni, tumbo mbele. Angeweza kunyamaza, shimo lizibwe, na aibu iishie hapo. Lakini alijijua. Kabla ya saa sita angekuwa amepiga magoti pale pale, dawa iwepo isiwepo, na hilo lilimtisha kuliko leba.

"Mayi, usiweke," akasema. "Ni mimi nakula hiyo ukuta."

Rispah akaketi kitandani, pakiti bado mkononi, akaanza kulia. Jentrix akamshika bega, akitaka kumwambia ameacha, ameacha kabisa. Lakini beseni lilikuwa karibu, na ule udongo mbichi ulinukia vizuri mno. Mdomo ulikuwa umemjaa mate, hata hakuweza kusema.