Aliyecheka Kabla ya Zamu Yake

Shule yetu ya Mbagala ilikuwa na madarasa machache na watoto wengi kupita kiasi, kwa hiyo kikundi changu cha kusoma hakikuwa na chumba. Tulianzia stoo ya madawati, tukafukuzwa, tukahamia kwenye baraza nyuma ya jiko la uji, tukatandika mkeka na kusomea moshini. Nilinung'unika sana siku hizo. Sasa nafundisha shule nyingine, nina chumba chenye feni, na moshi ule naukumbuka mpaka najishangaa.

Walikuwa watoto wachache wa darasa la tatu. Herufi walizijua moja moja, lakini zikikaa pamoja ziliwashinda. Kazi yangu ilikuwa kumsikiliza kila mmoja peke yake. Tunapiga makofi kwa kila silabi, tunaziunga, tunarudia, na anayekosea hachekwi. Hiyo ilikuwa sheria, na mimi kwenye sheria si mtu wa kuchezewa. Mtoto akishajua kusoma anarudi darasani kwake, mwingine anachukua nafasi. Waliokuwa wanasubiri walikuwa wengi.

Kati ya wale wa mkekani alikuwepo binti mmoja, mdogo wa umbo, anayeishi kwa shangazi yake muuza chapati. Miezi ilipita, wenzake wanaondoka, yeye yupo palepale. Leo anasoma mstari vizuri, kesho neno lilelile linamshinda. Nilimbadilishia mbinu, nikamkatia kadi za silabi kwenye maboksi ya biskuti. Mwalimu wa taaluma akaniambia nimwache tu, huyo kichwa kigumu. Nilimjibu vibaya.

Asubuhi moja nilibandika ukutani hadithi niliyoitunga mwenyewe, ya mbuzi aliyeingia saluni, akapanda kwenye kiti, mwishowe akala wigi la bi harusi. Mvulana wa kwanza akaanza, kidole hewani: "Mbu... zi..." Hata mstari wa kwanza hajaumaliza, binti yangu akaangua kicheko. Papo hapo akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Wenzake walimshangaa. Mimi nilishaelewa, maana kichekesho chenyewe, lile wigi, kilikuwa mstari wa mwisho, na macho yake yalishafika huko.

Walipokwenda mapumziko nilimbakiza.

"Umeanza lini kujua kusoma?"

"Kitambo, madam."

"Sasa mbona unanizungusha?"

Akaanza kuchezea ukindu wa mkeka. "Usinirudishe, madam. Kule tunasomaga wote pamoja, tunapiga kelele tu. Hata nikinyamaza hakuna anayejua. Nyumbani nako shangazi yuko bize. Hapa mie nikisoma, unanisikilizaga."

Nilitamani abaki. Nilitamani pengine kuliko yeye, kwa sababu wale wengine niliwafundisha, lakini huyu nilikuwa nimemzoea, na asubuhi nikifika nilikuwa namtafuta yeye kwanza. Lakini pale mkekani alikuwa ameikalia nafasi ya mtoto asiyeweza kusoma hata jina lake mwenyewe. Nilimwambia kesho atarudi darasani. Kisha nikamwambia anisomee hadithi yote, peke yake, mimi nasikiliza.

Alisoma taratibu sana, akilivuta kila neno. Kengele ililia akiwa bado hajamaliza. Sikumkatisha, na alipofika kwenye wigi hakucheka.

Wiki iliyofuata nilipita nje ya darasa lao. Walikuwa wanasoma ubaoni kwa pamoja, zaidi ya watoto mia, mabati yanatetemeka. Nilisimama dirishani nikamtafuta, nikamwona dawati la nyuma, kabanwa katikati ya wenzake, shingo kainyoosha. Mdomo wake ulikuwa unakwenda sawa na wote. Nilitega sikio mpaka mwalimu wao akaniuliza nina shida gani.

Sauti yake sikuipata.