Nyama Tuliyoirudisha

Niliiogopa Masisi kabla sijaiona. Kwetu Rwanda tuliambiwa kwamba kule Kongo msitu hauna mwisho, na wenyeji hutia sumu katika chakula cha wageni. Wazungu waliotuandikisha walisema kuna ardhi tele. Ya nani, hawakusema. Lori likatushusha Sake, tukapanda milima kwa miguu hadi karibu na Kibabi, na njia nzima nilimng'ang'ania mama yangu kama kupe.

Kwenye kiwanja tulichopewa tulikuta vijiti vya kutambazia maharagwe bado vimesimama. Mama aliving'oa, akavirundika kando ya kibanda, vikawa kuni zetu. Nasi hatukuuliza vya nani.

Jirani yetu alikuwa mwanamke mzee wa Kihunde, kabila la wenyeji, mkunga wa mlima mzima. Tulipofika tu alituletea nyama ya mbuzi iliyopikwa, imefungwa katika jani la mgomba. Ilinukia mpaka mate yakanijaa. Lakini kwetu siku zile mwanamke hakula mbuzi, hata msichana kama mimi. Akila ataota ndevu, tena atakuwa mbishi kama mbuzi mwenyewe. Baba, ambaye angeweza kula, alikuwa amepelekwa kutengeneza barabara ya Sake. Basi mama akairudisha ile nyama kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kiswahili cha kueleza hakuwa nacho. Jirani akatutazama, akachukua jani lake, akaenda zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mwenyeji wetu hakupona kitu.

Hakutusalimu tena. Kiswahili nilikiokota kwa watoto tuliochota nao maji, na ndio walionipa habari: "Anasema mulimuita mulozi."

Nilirudi nyumbani mbio, maji ya mtungi yakinimwagikia. Kurudisha chakula kumbe ni kumwambia mwenye nacho kwamba ni mchawi, ameweka sumu. Na mama alikuwa na mimba kubwa.

Uchungu ulimshika asubuhi yenye ukungu. Wenzetu tuliokuja nao walikuwa ng'ambo ya mto, na mvua ilikuwa imebeba daraja la miti. Mama aliuma nguo yake, akaniambia nimwite yule jirani. Nilitamani anitume popote pengine, hata msituni.

Nilimkuta ameketi jikoni kwake.

"Mama, kuya twende," nikasema. "Mama yangu iko nazala."

Hakuinuka. "Mama yako aliogopa nyama yangu. Leo haogope mikono yangu?"

Juu ya moto kulikuwa na kipande cha mbuzi kilichokaushwa kwa moshi. Nilikinyooshea kidole. "Unipe. Nitakula."

Alinikatia. Nilitafuna huku nalia, nikiogopa sumu, nikiogopa ndevu, na zaidi ya yote nikiogopa kwamba mama anakufa wakati mimi nakula.

"Unalia juu ya nini?"

"Juu ya ndevu. Kwetu mwanamuke akikula mbuzi, anaota ndevu."

Akajipapasa kidevu, taratibu, upande huu na upande ule, akacheka mpaka akakohoa. "Ni juu ya ile tu? Njo ile tu alikatalia?" Akachukua kitambaa na dawa zake, akatoka mbio. Mimi ndiye niliyeachwa nyuma.

Ndugu yangu alizaliwa mzima, na mama akapona. Jirani alimwosha mtoto, akamlaza, ndipo akaketi.

"Na mimi niliogopa," akaniambia. "Nyama ile nilileta na woga. Watu walisema munakuya kutukamatia udongo, mashamba yetu."

Nilifungua mdomo nimwambie si kweli. Yeye alikuwa ameinama motoni, ambako maji ya kumwoshea mtoto yalikuwa yamechemka. Alivuta kijiti kimoja kilichobaki nusu, akakizima majivuni, akakigeuza mkononi. Kwenye ncha bado lilikuwa limejisokota shina kavu la maharagwe.

Alikitambua kama mtu anavyotambua kitu chake. Aliondoka nacho kwapani, na mimi nikafunga mdomo wangu.