Kitochi cha Baba

Baba anaishi peke yake Nyakatuntu, na simu hakuwa akiitaka. Mwezi uliopita nilimnunulia kitochi, simu ya batani ya bei ya chini kabisa dukani, nikaweka vocha na namba yangu moja tu.

"Baba, ukizidiwa bonyeza batani hii ya mbili, usiachie. Nitapokea mimi."

Juzi asubuhi simu yake ikanipigia. Niliita, hakujibu. Nilisikia vishindo, kisha mtu akihema na kuguna kwa taabu. Sikukata, nilitaka niendelee kumsikia. Nikamchukua dada yangu Koku, tukapanda bodaboda kutoka Isingiro, simu mkononi. Koku alilia njia nzima. Ili kumtuliza nikaanza kupanga mambo, tena kwa kupaza sauti kwa sababu ya kelele za pikipiki: tutamzika karibu na mama, turubai tutaazima kanisani, na shamba la kahawa nitalichukua mimi kwa kuwa yeye ameolewa.

Baba tulimkuta nyuma ya nyumba, mzima kabisa, pamoja na majirani wawili. Walikuwa wakikanyaga ndizi za kukamua juisi, na batani ilikuwa imejibonyeza mfukoni mwake. Sasa wote watatu walikuwa wamesimama, wananitazama.

"Shikamoo, Baba."

Salamu yangu ikasikika tena kutoka mfukoni mwake. Akakitoa kitochi, akanionyesha kwamba bado tuko hewani.

"Marahaba. Shamba la kahawa liko kule chini," akasema, "ila mwenyewe bado yupo."